Kitufe cha kuchanganya nyimbo hakijui unachopenda

Siku hizi mtu akitaka kumjua mwenzake upesi humwomba simu, hufungua nyimbo zake, hubonyeza kile kitufe chenye mishale miwili inayopishana, kisha hukaa kusikiliza. Inatoka rumba ya Kinshasa ya miaka ya 1970. Inafuata kaswida. Inadakia singeli, halafu kwaya ya Kilutheri. Hukumu hupitishwa papo hapo: huyu ladha yake imetapakaa, au huyu ni mzee aliyevaa mwili wa kijana. Mwenye simu naye hukubali, maana hata yeye anaamini kitufe kile kimemvua nguo.

Kilichovuliwa nguo ni memori kadi. Kuchanganya nyimbo ni kazi ileile ya kuchanga karata, na mchangaji hajali nani kwenye jamvi anapenda shupaza na nani anapenda kopa. Ladha iko kwenye kidole kinachouacha wimbo uishe au kuuruka, na hata kidole hicho kina sababu nyingi zisizohusiana na kupenda.

"Msanii yuleyule katoka mara mbili mfululizo, kwa hiyo haichanganyi"

Inachanganya. Chukua pakiti ya karata 52, zichange vizuri, halafu zifunue moja moja ukitafuta mahali ambapo mbili za namba moja zimekaa jirani: saba na saba, ree na ree. Kwa wastani utakuta jozi 3. Pakiti isiyo na jozi hata moja hutokea chini ya mara 5 ukizichanga mara 100. Anayetaka kubisha aanze na karata kabla hajaibishia simu.

Kwa nyimbo hesabu ni nyepesi. Chukua idadi ya nyimbo za msanii, zidisha kwa idadi hiyo ukiipunguza moja, kisha gawanya kwa nyimbo zote ulizo nazo. Ukiwa na nyimbo 500, na 50 kati yake ni za mtu mmoja, inakuwa 50 × 49 ÷ 500, yaani 4.9. Katika mzunguko mmoja kamili mtu huyo atajifuata mwenyewe kama mara 5. Hata ungekuwa na usawa wa ajabu, wasanii 50 wenye nyimbo 10 kila mmoja, bado ungekutana na jozi 9 hivi kabla nyimbo 500 hazijaisha.

Kasoro iko kwetu sisi wasikilizaji. Mwambie mtu abuni mfuatano wa kubahatisha na atautawanya kupita kiasi, kwa sababu kichwani mwake bahati na kutawanyika ni kitu kimoja. Apple walilisikia lalamiko hili tangu zama za iPod. Septemba 2005 wakatoa iTunes 5, programu yao ya muziki, yenye kipimo cha kuongeza au kupunguza uwezekano wa msanii kujifuata, na Steve Jobs akaeleza bila kificho kwamba wameipunguzia bahati ili ionekane ya bahati zaidi. Spotify, huduma ya muziki wa mtandaoni, nao walianza na mchango (yaani namna ya kuchanga) wa Fisher-Yates, kanuni iliyochapishwa mwaka 1938 na Ronald Fisher na Frank Yates kwa watu wa kalamu na karatasi, na ambayo Richard Durstenfeld aliipangia kompyuta mwaka 1964. Mwaka 2014 wahandisi wao walieleza kwamba waliiacha kwa sababu watumiaji hawakuamini kuwa ni ya haki. Kanuni waliyoileta wakati huo badala yake ilimtawanya msanii kwa makusudi: mwenye nyimbo 4 aliwekwa karibu kila robo ya orodha, kisha kila wimbo ulisogezwa kidogo mbele au nyuma ili mpango usionekane.

Kwa hiyo orodha inayotoka imetawanyika vizuri, bila msanii kujifuata mwenyewe, ndiyo iliyopangwa. Ile inayokuudhi huenda ndiyo ya haki.

Neno moja kwa wanaojiandikia programu zao. Mchango sahihi huanza mwisho wa orodha: wimbo wa mwisho hubadilishana nafasi na wowote kuanzia wa kwanza hadi yeye mwenyewe, kisha unahamia wa kabla yake na kuuacha ule wa mwisho upumzike. Kosa la kawaida ni kuruhusu kila wimbo ubadilishane na nafasi yoyote kwenye orodha nzima. Ukiwa na nyimbo 3 tu, kosa hilo huzaa njia 27 zinazoangukia mipangilio 6, na 27 haigawanyiki kwa 6. Mipangilio mitatu hupata nafasi 5 kati ya 27, mitatu mingine 4 kati ya 27. Upendeleo umeingia, na hakuna aliyekusudia.

"Simu ina wimbo wake kipenzi"

Ina nakala. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na wachache huikagua. Wimbo uleule uliupakua mwaka juzi, ukatumiwa tena kwa WhatsApp ukakaa kwa jina la AUD likifuatiwa na tarehe na WA, kisha ukaja mara ya tatu ndani ya mkusanyiko ulionakiliwa kwenye flashi ya jamaa. Kwako ni wimbo mmoja. Kwa programu ni faili tatu, na kila faili ina tiketi yake. Ukisikiliza nyimbo 20 kwa siku kutoka faili 500, wimbo wenye nakala moja utakuangukia mara 1.2 kwa mwezi. Wenye nakala tatu utakuangukia mara 3.6, na hapo ndipo watu huanza kusema simu "imeupenda".

Upande wa pili wa jambo hili ni lebo za faili, yale maandishi yanayobeba jina la msanii, albamu na mwaka. Programu zinazotawanya wasanii hazisikii sauti, zinasoma lebo. Mbaraka Mwinshehe alipiga na Morogoro Jazz hadi mwaka 1973, kisha akaunda Super Volcano. Kwenye mikusanyiko ya watu utamkuta ameandikwa kwa jina lake, kwa jina la bendi ya kwanza, kwa jina la bendi ya pili, na mara nyingine kwa jina lake likiwa limekatwa herufi. Programu inahesabu watu wanne, na inawaruhusu wakae jirani. Franco ni hivyohivyo: OK Jazz, TPOK Jazz, Franco peke yake, Franco na mwimbaji aliyealikwa.

Kinyume chake ni faili zisizo na lebo kabisa, zile zilizochomwa kibandani kwa jina la "Track 01". Zote husomeka kama kazi ya msanii mmoja asiyejulikana. Programu ikiona "mtu" huyo ana nyimbo 180 kati ya 500, inahangaika kumtenganisha na nafsi yake, na kanuni nzima ya kutawanya inakosa maana.

Marekebisho hufanyika kwenye kompyuta kwa programu za bure kama Mp3tag au MusicBrainz Picard. Lebo ya msanii iache ibebe maelezo yote, waalikwa wakiwemo, lakini ile ya msanii wa albamu iandike kwa jina moja tu lisilobadilika. Programu nyingi za simu hupanga wasanii kwa hiyo ya pili. Kwa nyimbo 500 zilizovurugika tenga jioni mbili, na anza na wasanii kumi wenye nyimbo nyingi zaidi. Waliobaki hawatikisi matokeo.

Ukiwa humo, ondoa na sauti za WhatsApp. Baadhi ya programu hukusanya kila faili ya sauti iliyomo kwenye simu, ndiyo maana katikati ya sebene huingia sauti ya mjomba akihesabu mifuko ya saruji.

"Naichanganya upya kila asubuhi ili nisikie zote"

Unafanya kinyume cha unachotaka. Programu nyingi huchanga orodha mara moja, kisha huifuata hadi mwisho bila kurudia. Nyimbo 500 kwa mwendo wa 20 kwa siku huisha siku ya 25, kila moja ikiwa imesikika mara moja tu. Ukibonyeza upya kila asubuhi, unazichanga karata zote tena, na zile 480 ambazo hazikufika jana hazina haki yoyote ya kutangulia leo. Kwa siku 30 utakuwa umesikiliza nyimbo 600, lakini karibu 147 kati ya zile 500 hazitasikika kabisa, na 15 hivi zitakuwa zimesikika mara 4 au zaidi. Hizo 15 ndizo utakazoziita vipenzi vya simu, na hizo 147 utasema zimefichwa.

Dawa ni kuendelea ulipoishia. Simama kwa kitufe cha kusimamisha, usifunge programu kabisa, na asubuhi usirudi kwenye orodha kubonyeza Changanya. Endelea na foleni iliyopo. Programu ikiwa haihifadhi foleni baada ya kufungwa, tengeneza orodha zako mwenyewe za nyimbo 40 au 50 na umalize moja moja.

"Redio ya gari ina mpangilio uleule kila siku"

Hili mara nyingi ni kweli, na wanaolisema huambiwa wanaota. Kifaa cha bei ndogo hakina bahati ya kweli ndani yake. Kina hesabu inayoanza na namba fulani, iitwayo mbegu, na kuzalisha namba nyingine zinazoonekana kama zimebahatishwa. Mbegu ikiwa ileile kila unapowasha gari, mfuatano nao ni uleule: wimbo wa kwanza unaoupata getini, wa pili kwenye kona ya duka, wa tatu kwenye mataa. Kifaa bora huchukua mbegu kutoka kwenye saa yake au kwenye muda uliopita kabla hujabonyeza.

Hata mbegu nzuri ina mipaka. Mbegu ya biti 32 ina thamani zipatazo bilioni 4.29. Nyimbo 13 tu zina mipangilio zaidi ya bilioni 6.2. Maana yake kifaa cha namna hiyo hakiwezi kamwe kukupa mipangilio yote ya nyimbo 13, sembuse 500, ambazo idadi ya mipangilio yake ni namba yenye tarakimu 1,135. Kwa masikio ya mtu hili halina athari. Linaathiri majigambo ya muuzaji tu.

Kipimo ni rahisi. Weka nyimbo 20 kwenye folda moja ya flashi, washa hali ya kuchanganya, andika mfuatano wa nyimbo 20 za kwanza. Wimbo ukirudia kabla zote hazijaisha, redio yako haichangi. Inaokota upya kila mara kama mtu anayerudisha karata kwenye pakiti baada ya kuitazama. Kisha zima gari, toa ufunguo, subiri dakika moja, washa tena. Nyimbo 5 za kwanza zikifuatana vilevile, mbegu imekwama: kwa bahati tupu jambo hilo lingetokea mara moja katika kila majaribio 1,860,480. Hakuna pa kubadili mbegu, ila unaweza kuikwepa kwa kuongeza au kupunguza faili chache kila wiki. Kagua pia kama kitufe kinachanganya flashi nzima au folda iliyofunguliwa tu. Redio nyingi zina hali zote mbili, na tofauti yake ni alama ndogo kwenye kioo ambayo haisomeki juani.

"Kinachotoka zaidi ndicho ninachopenda zaidi"

Hapa ndipo kwenye kiini chenyewe.

Mchango uliofanywa sawasawa huakisi idadi ya faili, na idadi ya faili huakisi jinsi ulivyozipata. Kwaya uliyopenda wimbo wake mmoja uliipakua albamu nzima, sasa ina faili 12. Mwimbaji unayemlilia ana faili 2 kwa sababu ndizo zilizopatikana. Gigabaiti 4 za reggae zilikuja na flashi ya kaka yako mwaka uliohamia mjini, na hujawahi kuzichagua hata siku moja. Kitufe kinazipa zote uzito wa faili zake. Ukisema "mimi mtu wa reggae, simu yenyewe inaonyesha", umesoma historia ya flashi ya kaka yako.

Kuna na udanganyifu wa muda. Mchango huhesabu nyimbo, masikio huhesabu dakika. Chukua mkusanyiko wa nyimbo 500 ambamo 50 ni taarabu za dakika 12 na 450 zilizobaki ni za dakika 4. Kwa idadi, taarabu ni sehemu ya kumi. Kwa muda ni dakika 600 kati ya 2,400, yaani robo nzima. Anayeingia nyumbani kwako wakati wowote ana nafasi moja kati ya nne ya kukuta taarabu, na ataondoka na jina la kukupa. Rumba yenye sebene ndefu huleta upotofu huohuo. Bongo fleva hupata hasara: nyimbo zake ni fupi, hupita upesi, na mwenye nyimbo 200 za aina hiyo huonekana ana chache.

Miaka nayo husema jambo, ila kwa kuihesabu. Wanasaikolojia wameonyesha mara nyingi kwamba kumbukumbu za mtu hulundikana kwenye umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi, na muziki ni mojawapo ya kamba zinazozivuta. Toa mwaka wako wa kuzaliwa kwenye mwaka wa wimbo, andika jibu, fanya hivyo kwa nyimbo 50 ulizoziacha ziishe. Majibu yakijazana kati ya 12 na 25, huenda unachopenda ni ujana wako zaidi ya rumba au zouk yenyewe. Jibu likiwa hasi, wimbo ulitoka kabla hujazaliwa, na hapo kuna mtu mzima aliyekuwa akishika redio nyumbani kwenu.

"Nikiuruka wimbo, siupendi"

Mara nyingi umeuruka kwa sababu sauti yake ni ndogo. Rekodi iliyotolewa kwenye santuri ya zamani ikapita kwenye kaseti kabla ya kufika kwenye faili, ikikaa baada ya wimbo mpya uliosukumwa hadi ukingoni studio, inaweza kuwa chini yake kwa desibeli 8 au 10. Sikio la binadamu husoma sauti kubwa kama sauti bora, hata tofauti ikiwa ya desibeli 1 au 2. Wimbo wa zamani unaingia kama mtu anayenong'ona mlangoni baada ya mwenzake kupiga kelele, kidole kinauruka, na mwenye kidole anajisajili kuwa hapendi muziki wa zamani.

Kwa hiyo sawazisha kabla ya kupima chochote. Kwenye programu za kulipia, tafuta katika mipangilio swichi ya kusawazisha sauti na uiwashe. Kwa faili zako mwenyewe, foobar2000 kwenye kompyuta huandika ndani ya lebo namba ya ReplayGain inayoiambia programu ishushe au ipandishe kiasi gani, bila kugusa muziki wenyewe. Redio nyingi za gari haziisomi namba hiyo. Kwa hizo kuna MP3Gain, inayobadili kipimo ndani ya faili yenyewe kwa hatua za desibeli 1.5, na huweza kurudishwa nyuma. Acha lengo lake la 89 kama lilivyo. Wanaolipandisha hadi 95 au 98 kwa tamaa ya kelele hupata sauti inayokwaruza, kisha hulaumu spika.

Sababu nyingine ni jirani. Wimbo wa polepole baada ya singeli ni adhabu. Wimbo uleule baada ya rumba laini ni pumziko. Umeuruka mpito, siyo wimbo. Kisha kuna dibaji: nyimbo za taarabu asilia huweza kukaa dakika kadhaa za fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na msikilizaji aliyezoea mwimbaji kuingia kwenye sekunde ya 10 humkimbia mtu ambaye hajasema neno.

Mikono nayo ihesabiwe. Mtu anayekanda unga wa chapati haruki wimbo. Anayefua haruki. Dereva mwangalifu haruki. Nyimbo zilizoisha katika hali hiyo zimeisha kwa sababu vidole vilikuwa na unga, na kuzihesabu kama ushahidi wa mapenzi ni kujidanganya.

La mwisho ni wageni. Ule mkono unaokimbilia simu sebuleni mara tu wimbo fulani unapoanza, kabla hata ya ubeti wa kwanza, haujaamua juu ya muziki. Umeamua juu ya heshima. Na kwa maoni yetu huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote: wimbo unaoujua kwa noti yake ya kwanza kiasi cha kuuwahi mbele za watu ni wimbo uliousikiliza mara nyingi mno ukiwa peke yako.

"Basi haiwezekani kujua"

Inawezekana, kwa daftari na uvumilivu wa wiki moja. Safisha nakala, rekebisha lebo za wasanii wakubwa, sawazisha sauti. Changanya mara moja tu, sikiliza nyimbo 100 bila kuchanga upya, kwa vipindi vinne au vitano vya saa tofauti: asubuhi, mchana, usiku. Uwe peke yako na mikono iwe huru. Kwa kila wimbo andika aina yake na herufi moja: M kama umefika mwisho, K kama umeukata kabla ya sekunde 30, B kama umeukata baadaye, R kama umeurudia au umepandisha sauti. Tumechagua sekunde 30 kwa sababu Spotify nao huanza kuhesabu usikilizaji hapo, na kwa kweli anayekata kabla ya hapo kwa kawaida hajasikia hata kibwagizo.

Usihesabu nyimbo zilizotoka. Hesabu ndani ya kila aina: kati ya zilizotoka, ngapi zimepata M au R? Tuseme rumba zimetoka 40 na 22 zimefika mwisho, hiyo ni asilimia 55. Taarabu zimetoka 12 na 10 zimefika mwisho, asilimia 83. Kadi inasema wewe mtu wa rumba, kidole kinasema taarabu.

Usikimbilie kutangaza. Nyimbo 12 ni chache. Kosa la makadirio hupatikana kwa kuzidisha sehemu iliyofika mwisho kwa sehemu iliyobaki, kugawanya kwa idadi ya nyimbo, kutafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha kuzidisha kwa 2. Kwa taarabu inakuwa asilimia 83 ikicheza juu au chini kwa pointi 21 au 22. Kwa rumba ni 55 ikicheza kwa pointi 16. Zinagusana. Tofauti iko ukingoni, na wiki nyingine ya nyimbo 100 ndiyo itakayoamua. Wale wanaotoa hukumu baada ya nyimbo 5 za kwenye gari la rafiki wana kosa kubwa kuliko kipimo chenyewe.

Tazama pia uwiano wa K na B. Aina yenye K nyingi ni ile usiyoitaka kabisa. Aina yenye B nyingi ni ile unayoipenda kwa kionjo tu: unataka kusikia mwanzo na kibwagizo cha kwanza, kisha umetosheka. Watu wengi hugundua kwamba nusu ya wanachokiita kipenzi ni mapenzi ya dakika moja na nusu.

"Programu za kulipia zinapima vizuri zaidi"

Zinapima zaidi, jambo ambalo ni tofauti. Tangu Machi 2023 Spotify wana mchango wao wa kisasa unaochomeka katikati ya orodha yako nyimbo ambazo hukuziweka, zilizopendekezwa na mashine kutokana na ulichosikiliza. Ni kitu kizuri cha kugundulia nyimbo, lakini ukipima ladha hali hiyo ikiwa imewashwa, unapima makadirio ya mashine juu yako kisha unayaita wewe. Nyimbo zilizochomekwa huwa na alama ndogo pembeni. Kwa wiki ya daftari, rudi kwenye mchango wa kawaida.

"Wimbo ni wimbo, popote ukiwekwa"

Kwa albamu zilizopangwa kama hadithi, sivyo, na Novemba 2021 Spotify waliondoa mchango kama hali ya kuanzia kwenye kurasa za albamu baada ya mwimbaji Adele kuomba hivyo. Kwetu kuna tatizo la vitendo zaidi. Benga na dansi nyingi za miaka ya 1970 zilitolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo upande mmoja haukutosha wimbo mzima, hivyo ukakatwa: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Zilipohamishiwa kwenye faili zikabaki mbili. Mchango unakuletea sehemu ya pili Jumatatu, gitaa likianza katikati ya safari bila mwimbaji kusikika, na sehemu ya kwanza Alhamisi, ikififia pale ilipokuwa inakolea. Zote mbili utaziruka, na wimbo ulioupenda tangu utotoni utaingia kwenye daftari kwa herufi mbili za B.

Ziunganishe. Fungua faili zote mbili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, futa ule mfifio mwishoni mwa ya kwanza na sekunde za mkwaruzo mwanzoni mwa ya pili, zisogeze zikutane kwenye pigo la ngoma, hifadhi kama faili moja kwa kilobiti 192 au zaidi, na zile mbili za zamani ziondoe kwenye simu. Ukiziacha, wimbo utakuwa na tiketi tatu.